Sura ya Tano: The Monkees na Watunzi Wao

Katika historia ya muziki wa pop wa Marekani ni vigumu kupata bendi iliyoshutumiwa vikali kama The Monkees, tena kwa kosa ambalo miaka michache tu kabla ya kuundwa kwake lisingehesabiwa kuwa kosa: kuimba nyimbo zilizotungwa na wengine huku vyombo vikipigwa na wanamuziki wa kukodiwa. Frank Sinatra hakujulikana kwa utunzi, Elvis Presley vilevile, na makundi mengi ya waimbaji yaliyotamba mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikabidhiwa nyimbo zikiwa tayari, yakaingia studio kuzirekodi, wala hakuna aliyewaita walaghai. Utaratibu wa kazi ulikuwa uleule. Kilichobadilika kati ya 1964 na 1966 ni kipimo cha heshima, kwa sababu The Beatles na Bob Dylan walikuwa wamewazoesha vijana kuamini kwamba anayeimba ndiye anayepaswa kutunga, na kwamba mwimbaji wa maneno ya mwenzake ana upungufu fulani. The Monkees walizaliwa wakati mila hizo mbili zikigongana, na zote mbili zikawa na wawakilishi ndani ya kundi lao, jambo linaloifanya orodha ya watunzi wao istahili kusomwa kwa makini kuliko ya bendi nyingi zilizowadharau.

Chimbuko lao lilikuwa televisheni. Watayarishaji wawili, Bob Rafelson na Bert Schneider, waliiuzia Screen Gems, tawi la televisheni la kampuni ya filamu ya Columbia, wazo la mfululizo wa vichekesho kuhusu vijana wanne wanaohangaika kuipatia bendi yao jina, kisha Septemba 1965 wakatoa tangazo katika magazeti yanayosomwa na wenye shughuli za burudani huko Hollywood, na vijana 437 wakajitokeza kufanyiwa majaribio. Micky Dolenz, mzaliwa wa Los Angeles, alikuwa nyota wa televisheni tangu utotoni kupitia mfululizo uitwao Circus Boy. Davy Jones, Mwingereza wa Manchester, alikuwa amecheza nafasi ya kijana mdokozi katika tamthilia ya muziki Oliver!, London na kisha Broadway, akateuliwa kuwania tuzo ya Tony mwaka 1963, na usiku wa 9 Februari 1964 alikuwa na wenzake wa tamthilia hiyo katika kipindi cha Ed Sullivan, ambacho usiku huohuo kiliwaonyesha Wamarekani The Beatles kwa mara ya kwanza wakipiga muziki mubashara. Wawili waliobaki walikuwa wanamuziki kabla ya kuwa waigizaji: Peter Tork, mpigaji wa vyombo vingi aliyetoka katika klabu za muziki wa kimila za Greenwich Village jijini New York, na aliyependekezwa na rafiki yake Stephen Stills baada ya Stills mwenyewe kukosa nafasi, na Michael Nesmith wa Texas, mpiga gitaa mrefu, mwenye maneno machache na msimamo mkali, ambaye tayari alikuwa na shehena ya nyimbo zake mwenyewe. Mfululizo ulianza kuonyeshwa na NBC tarehe 12 Septemba 1966, ukapata tuzo ya Emmy ya vichekesho mwaka uliofuata, ukafikia vipindi 58 kabla ya kusimamishwa Machi 1968.

Kipindi cha aina hiyo kilihitaji nyimbo mpya kila wiki, na ili kuelewa zilikotoka yafaa kueleza kwanza kazi ya mchapishaji wa muziki. Mchapishaji ni mtu au kampuni inayomiliki au kusimamia hakimiliki ya wimbo wenyewe, yaani maneno na mahadhi yake, hakimiliki iliyo tofauti na ile ya rekodi. Wimbo ukirekodiwa na kuuzwa, kampuni ya santuri hulipa mrabaha, ambao kwa desturi hugawanywa nusu kwa nusu kati ya mchapishaji na mtunzi. Mwaka 1958 Don Kirshner na mshirika wake Al Nevins walianzisha jijini New York kampuni ya uchapishaji iitwayo Aldon, wakawaajiri vijana wenye vipaji, wengi wao wakiwa hawajatimiza hata miaka 25, waliokaa katika vyumba vidogo vyenye piano wakitunga kutwa nzima na kushindana ni wimbo wa nani utakaochukuliwa na mwimbaji gani. Miongoni mwao walikuwamo Gerry Goffin na mkewe Carole King, Barry Mann na mkewe Cynthia Weil, na Neil Sedaka. Mwaka 1963 Aldon iliuzwa kwa kampuni ileile ya Columbia na Screen Gems, na Kirshner akahamia huko kuongoza idara ya muziki. Kwa hiyo Screen Gems ilipoamua kuwa na bendi ya televisheni, ilikuwa tayari inamiliki kisima cha watunzi, na kila wimbo uliopigwa ndani ya kipindi ulikuwa tangazo la mali yake yenyewe. Akili ya kibiashara iliyo nyuma ya mpango huo ni ya kuvutia, hata kwa asiyeupenda.

Wa kwanza kuupa mpango huo sauti hawakuwa watunzi mashuhuri wa New York. Tommy Boyce na Bobby Hart, wawili waliokuwa wakifanya kazi Los Angeles, ndio waliotunga wimbo wa utambulisho wa kipindi, na bendi yao wenyewe ndiyo iliyopiga vyombo katika sehemu kubwa ya albamu ya kwanza huku wanne wa kwenye televisheni wakiongeza sauti juu yake. Santuri ya kwanza, "Last Train to Clarksville", iliyotoka Agosti 1966 kabla ya kipindi kuanza, ilizaliwa kwa njia ya kuchekesha: Hart alisikia mwisho wa wimbo mpya wa The Beatles, "Paperback Writer", redioni, akadhani unahusu treni, na alipogundua kwamba sivyo, akaamua kulitumia yeye wazo hilo ambalo lilikuwa halina mwenyewe. Ndani ya mdundo wake mchangamfu umefichwa msafiri anayemwita mpenzi wake waagane kituoni kwa kuwa hajui kama atarudi, na watunzi wamekiri kwamba walimkusudia askari anayepelekwa Vietnam, jambo ambalo wasingeweza kulisema waziwazi katika kipindi cha watoto na vijana. Wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza Novemba mwaka huo. Wanaodai kwamba nyimbo za The Monkees hazikuwa na uzito wowote kwa kawaida huwa hawajausikiliza huu.

Kirshner hakuridhika kuiacha kazi yote mikononi mwa wawili hao. Kutoka New York alileta "I'm a Believer", uliotungwa na Neil Diamond, wakati huo kijana aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza kujulikana, ukatayarishwa na Jeff Barry na kuimbwa na Dolenz; oda za maduka zilipita milioni moja kabla santuri haijatoka, na wimbo ukakaa kileleni mwa chati za Marekani kwa wiki saba kuanzia mwisho wa Desemba 1966. Hapa inafaa kutaja jambo la kihesabu ambalo wasikilizaji wachache hulifikiria, nalo ndilo litakaloeleza ugomvi uliofuata. Kwa sheria ya Marekani ya wakati huo mrabaha wa wimbo ulikuwa senti mbili kwa kila nakala iliyouzwa, na senti hizo zililipwa sawasawa kwa wimbo wa upande wa kwanza wa santuri na ule wa upande wa pili, hata kama upande wa pili haukupigwa redioni mara moja. Nyuma ya "I'm a Believer" uliwekwa "(I'm Not Your) Steppin' Stone" wa Boyce na Hart, ambao kwa kila nakala iliyonunuliwa kwa ajili ya wimbo wa Diamond uliingiza senti mbili zilezile. Kuamua ni wimbo gani uwekwe upande wa pili kulikuwa sawa na kuamua nani apewe maelfu ya dola, na mwamuzi alikuwa Kirshner.

Nesmith alikuwa na haki ndogo aliyoipigania tangu mwanzo ya kuweka nyimbo zake chache katika albamu na kuzitayarisha mwenyewe, na katika nyimbo kama "Papa Gene's Blues" na "Mary, Mary" alionyesha mwelekeo ambao Kirshner hakuujali sana, yaani ndoa kati ya muziki wa rock na ule wa kantri, muziki wa mashambani wa Marekani wenye magitaa ya kuteleza na simulizi za maisha ya kawaida. Kirshner alijaribu kumfinyanga kwa kumkalisha atunge pamoja na Goffin na King. Matokeo yake, "Sweet Young Thing", ni wimbo mzuri wenye fidla inayokwaruza, lakini Nesmith hakuupenda utaratibu wa kupangiwa mwenza wa kutunga naye. Kabla ya kujiunga na kundi alikuwa ametunga "Different Drum", wimbo ambao wasimamizi wa kipindi hawakuutaka kwa The Monkees, na ambao katika kipindi kimoja aliuimba mbiombio kwa mzaha akiigiza mwimbaji mwoga aliyekosea jukwaa. Mwaka 1967 kundi la Stone Poneys liliurekodi, ukafika nafasi ya 13 na kumtambulisha Linda Ronstadt kwa taifa zima. Mtu aliyeonekana na waandishi wa magazeti kuwa kibaraka asiyejua kutunga ndiye aliyekuwa ametunga wimbo uliomfungulia njia mmoja wa waimbaji wakubwa wa muongo uliofuata.

Januari 1967 albamu ya pili, More of the Monkees, ilitoka madukani bila wenye sura zao kwenye jalada kushirikishwa katika kuchagua nyimbo, na maelezo ya nyuma ya jalada yaliyoandikwa na Kirshner yaliwasifu watunzi na watayarishaji kwa wingi wa maneno. Kibiashara haikuwa na dosari, kwani ilikaa kileleni kwa wiki 18, baada ya albamu ya kwanza kukaa wiki 13. Nesmith, hata hivyo, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba vyombo katika rekodi hizo havikupigwa nao, na katika kikao kilichofanyika Beverly Hills Hotel, ambako Kirshner alikuwa amewagawia wanne hao hundi nono za mirabaha, aliposikia mwanasheria akimkumbusha masharti ya mkataba wake alipiga ngumi ukutani hadi ukatoboka. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama ghadhabu ya msanii dhidi ya fedha, ilhali Nesmith alikuwa akipigania vyote viwili, kwa kuwa katika biashara hii anayechagua wimbo ndiye anayechagua pa kupeleka mrabaha.

Kilichomwondoa Kirshner hatimaye kilikuwa upande wa pili wa santuri. Ilikuwa imekubaliwa kwamba nyuma ya wimbo mwingine wa Neil Diamond, "A Little Bit Me, A Little Bit You", uwekwe wimbo uliopigwa na kundi lenyewe; Kirshner akatoa santuri nchini Kanada ikiwa na wimbo mwingine, "She Hangs Out", uliotayarishwa na Jeff Barry bila kundi kupiga vyombo. Screen Gems ilimfukuza kazi Februari 1967, naye akaishtaki kampuni akidai dola milioni 35, kesi iliyomalizwa nje ya mahakama. Santuri ilipotolewa upya ilikuwa na "The Girl I Knew Somewhere" wa Nesmith nyuma yake, wimbo wa kwanza kusikika hadharani ambao wanne hao waliupiga wenyewe.

Albamu iliyofuata, Headquarters, ya Mei 1967, ni kumbukumbu ya watu wanaojifunza kuwa bendi huku mitambo ya kurekodi ikizunguka. Chip Douglas, aliyechukuliwa kutoka kundi la The Turtles awe mtayarishaji, alijazia pengo la besi. Nesmith alipiga gitaa, Tork alihama kutoka kinanda hadi banjo kadiri wimbo ulivyohitaji, Jones akashika tari na manyanga, na Dolenz akakaa kwenye dramu alizoanza kujifunza kwa sababu tu kipindi kilihitaji mpiga dramu. Mdundo hapa na pale unayumba, na hilo ni sehemu ya haiba yake. Nesmith alichangia nyimbo tatu zake mwenyewe. Tork, pamoja na mwenzake Joey Richards, alitunga "For Pete's Sake", uliochukuliwa kuwa wimbo wa kufungia kipindi katika msimu wa pili. Na Dolenz, aliyekuwa hajahesabiwa kuwa mtunzi, aliandika wimbo wa ajabu kuliko yote, "Randy Scouse Git", mkusanyiko wa picha za ziara yake London, jina lake likiwa tusi alilolisikia katika mchezo wa televisheni wa Kiingereza bila kujua ukali wake. Kampuni ya santuri nchini Uingereza iliomba jina mbadala, na wimbo ukatolewa kwa jina la "Alternate Title", likimaanisha hilohilo aliloombwa, ukafika nafasi ya pili huko. Nchini Marekani albamu ilishika nafasi ya kwanza kwa wiki moja, kisha Sgt. Pepper's Lonely Hearts Club Band ya The Beatles ikaiteremsha hadi nafasi ya pili, ambako ilikaa karibu majira yote ya joto.

Wanahistoria wa muziki hupenda kuishia hapo, na kwa kuishia hapo hupotosha kidogo, kwa sababu The Monkees hawakuyatumia madaraka yao mapya kuwafukuza watunzi wa nje. Hata ndani ya Headquarters wamo Mann na Weil na "Shades of Gray", na wamo Boyce na Hart. Miezi michache baadaye kundi lilirekodi "Pleasant Valley Sunday" wa Goffin na King, kejeli juu ya maisha ya starehe ya vitongoji, iliyochochewa na mtaa wa New Jersey ambako wanandoa hao waliishi, nao ukafika nafasi ya tatu. Harry Nilsson, aliyekuwa akifanya kazi ya benki huko California, aliwapigia nyimbo zake, wakachukua "Cuddly Toy", na kutokana na hilo akaweza kuiacha benki. "Daydream Believer", ulioimbwa na Jones ukishika nafasi ya kwanza Desemba 1967, ulitungwa na John Stewart, aliyekuwa mwanachama wa The Kingston Trio, ambaye alilazimika kukubali neno moja libadilishwe ndipo wimbo wake urekodiwe. Wapiga vyombo wa kukodiwa pia walirudi. Katika albamu ya nne dramu zilipigwa zaidi na Eddie Hoh. Madai ya kundi, yakipimwa kwa matendo yao, yalikuwa haki ya kuchagua, na ni jambo la kushangaza jinsi walivyochagua vizuri.

Mwaka 1968 mambo yalianza kubomoka, na hapana haja ya kusimulia kila hatua. Filamu yao Head, iliyoandikwa na Rafelson pamoja na Jack Nicholson, iliukejeli mfumo uliowaumba na haikupata watazamaji, ingawa ilizaa "Porpoise Song" wa Goffin na King, ulio miongoni mwa rekodi zao bora kabisa. Tork aliondoka mwishoni mwa mwaka huo, Nesmith akafuata mwaka 1970 na kuunda The First National Band, ambako alipiga muziki aliokuwa akiutaka tangu mwanzo.

Kirshner naye alitoka katika ugomvi huo na somo lake, akalifanyia kazi bila kupoteza muda. Kundi lake lililofuata, The Archies, lilikuwa la wahusika wa katuni, ambao hawakuweza kudai upande wa pili wa santuri wala kutoboa ukuta, na mwaka 1969 wimbo wao "Sugar, Sugar", uliotungwa na Jeff Barry na Andy Kim, ulikaa kileleni wiki nne. Hata hivyo watunzi waliowatungia The Monkees walikuwa wakielekea upande mwingine. Neil Diamond alikuwa amekwisha kuwa mwimbaji mkubwa kwa jina lake mwenyewe. Nilsson alianza kutoa albamu zake. Na Carole King, baada ya miaka zaidi ya kumi ya kuwatungia wengine, mwaka 1971 alitoa Tapestry, iliyokaa nafasi ya kwanza kwa wiki 15. Kwa maneno mengine, kipimo kilekile kilichowahukumu The Monkees kwa kutotunga kiliwasukuma watunzi wao waimbe, na wengi wakagundua kwamba sauti zao zisizo na urembo ndizo ambazo wasikilizaji wa miaka ya 1970 walitaka kuzisikia.

Jones alifariki mwaka 2012, Tork mwaka 2019 na Nesmith mwaka 2021. Kabla ya vifo viwili vya mwisho, mwaka 2016, ilipotimia miaka 50 tangu kipindi kianze, watatu waliokuwa hai walirekodi albamu Good Times! chini ya mtayarishaji Adam Schlesinger, na safari hii watunzi wa nje walikuwa viongozi wa bendi za kizazi kilichokulia kwenye mila ya kujitungia: Rivers Cuomo wa Weezer, Andy Partridge wa XTC, Ben Gibbard wa Death Cab for Cutie, na Noel Gallagher akishirikiana na Paul Weller. Wote walikuwa wamejenga majina yao kwa kuimba nyimbo zao wenyewe, nao wakakaa kutunga kwa ajili ya midomo ya watu wengine kama walivyofanya vijana wa Aldon. Jones aliwekwa kwenye albamu hiyo kwa kutumia sauti aliyoirekodi miaka ya 1960 katika wimbo wa Neil Diamond ambao haukuwa umetumika wakati ule, na katika wimbo uliobeba jina la albamu Dolenz aliimba pamoja na Nilsson, aliyefariki mwaka 1994, kwa kuichukua rekodi ya zamani ambayo Nilsson alikuwa ameitengeneza kuwaonyesha The Monkees jinsi wimbo unavyokwenda.